Kitendawili na maneno ya mutoto

Katika kurasa hizi tumezoea kusifu mila zetu. Leo tutachambua moja, ile ya vitendawili vya watoto wadogo, kwa sababu tunaona inapotea mikononi mwetu sisi wenyewe tunaoipenda.

Hapa Lubumbashi karibu kila sikukuu ya utamaduni iko na saa yake ya vitendawili. Watoto wa miaka minne, mitano, wamevaa kitenge kipya, wanasimama mustari. Mmoja anapaza sauti: Kitendawili! Wengine: Tega! Anatega, na mbele hajamaliza wote wamekwisha kujibu pamoja, juu jibu walilifunzwa wiki nzima. Wazazi wanapiga makofi, telefone zinainuliwa. Kisha mkubwa mmoja anashika mikro na kusema: hivi ndivyo wazee walivyowafundisha watoto maneno.

Ni kweli? Tukamate ile ya nyumba isiyo na mlango. Jibu ni yai. Lakini mutoto gani wa miaka minne hajui yai? Pitia vitendawili vingine unavyovikumbuka: majibu ni ulimi, meno, njia, kivuli, mvua, moshi. Karibu yote ni vitu ambavyo mutoto anavitaja tangu zamani. Basi yule aliyekariri jibu hakupata hata neno moja jipya. Mali yote iko ndani ya swali. Kule ndiko kuna mlango na ukuta, kuingia na kuzunguka, kilicho cheupe na kilicho laini, kinachotembea bila miguu. Na mali nyingine, tena kubwa kupita ile, ilikuwa katika majibu mabaya. Nkambo alitega polepole, akanyamaza. Mutoto akasema: boga! Wakubwa wakacheka, halafu wakamuonyesha sababu: hapana, boga liko na kikonyo, nalo linakatwa kwa kisu, halipasuki hivi. Kikonyo, kukata, kupasuka: maneno matatu kwa kosa moja. Mahali pengi anayeshindwa anaombwa "mji" ndipo aambiwe jibu, na hapo tena ni mazungumzo: mji gani, uko wapi, unaukataa kwa nini. Ndiyo maana kitendawili kimoja kiliweza kula nusu ya jioni. Sisi tunakimaliza kwa sekunde tano, tena tunajisifu.

Walio upande wa masomo wasicheke. Vile vitabu vya picha vinavyouzwa mjini kwa watoto wadogo viko na ugonjwa uleule. Watu wengi wanalaumu kwamba vinaonyesha theluji na wanyama wa Ulaya. Hiyo si lawama kubwa kwetu. Mutoto anaweza kujifunza kitu asichokiona kamwe, na tufaa linauzwa hapa barabarani. Shida ni kidole. Kidole kinaguswa kwenye picha, "ni nini hii?", mutoto anataja jina, ukurasa unageuzwa. Majina tu, hakuna tendo. Kitabu kilekile kingekuwa kizuri kama mama angeuliza: huyu analilia nini? ile ndoo itamwangukia? Hapo mutoto anatafuta maneno mwenyewe, na neno ulilolitafuta halitoki upesi.

Kwa matendo, hatujui kitabu kinachopita jikoni. Muhogo peke yake: kuumenya, kuuloweka siku kadhaa ili ule mchungu wenye sumu utoke, kuuanika, kuutwanga, kuchekecha unga, ndipo kusonga bukari. Mbabula iko na maneno yake: kuwasha, kupepea, makala yanashika, cheche zinaruka, majivu yanamwagwa. Na lungo, na sombe inayochambuliwa majani. Sasa sikiliza nyumbani mwetu jioni: "Leta ile kintu. Tia pale. Hapana, ile ingine!" Mutoto anafuata kidole, analeta, kazi imekwisha, na hakuna neno lililopita. Tunajua mama amechoka, ametoka sokoni tangu asubuhi. Lakini kusema "leta mwiko ule mrefu, uko chini ya meza" hakuchukui muda kupita "leta ile kintu".

Kuna mahali ambapo umasikini huu unaumiza kabisa. Mutoto mgonjwa anaulizwa na muuguzi: unasikia nini? Anajibu: inaniuma. Inachoma? inakata? inawasha? inafinya? inazunguka? Kama hakuzisikia zile kazi za maneno nyumbani, atasema tu "inaniuma", na mkubwa aliyemleta atakisia kwa niaba yake.

Hapo lazima tuikosoe mila yenyewe pia. Katika nyumba zetu nyingi mutoto mzuri ni yule anayenyamaza mbele ya wakubwa. Akiuliza mara tatu, eti ana mdomo. Tunaita hiyo heshima, kisha tunashangaa anapofika kalasi ya kwanza hawezi kumueleza mwalimu nani alimchukulia kalamu yake. Kitendawili kilikuwa ruhusa: saa ile mutoto mdogo alikuwa na haki ya kumshinda mkubwa kwa maneno. Ndiyo maana tunasikitika kukiona kimegeuka gwaride.

Neno moja juu ya Kiswahili chetu. Mutoto akisema bukari masomoni, asikemewe kwamba sahihi ni ugali. Aambiwe yote mawili, na kwamba wa Kigoma wanasema hivi na sisi hivi. Amepata maneno mawili badala ya moja na aibu. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa na za mahali zifundishie. Haikusema zisafishwe kwanza. Na mji huu, uliozaliwa 1910 na kujazwa watu wa makabila mengi waliokuja kwa kazi ya shaba, ulijitengenezea Kiswahili chake. Mwaka 1965 André Yav, akiandika kwa ajili ya maboyi wa zamani, aliita historia yake ya mji Vocabulaire de ville de Elisabethville. Historia, akaiita msamiati. Hatufikiri alikosea.

Wengine watasema: moto wa jioni umekwisha, nkambo amebaki kijijini. Lakini umeme unakatika, na televizyo inanyamaza. Saa hizo za giza tunazilaani bure. Zinatosha vitendawili vinne vizuri.

Kwa sikukuu ijayo tunaomba kitu kimoja kwa wanaopanga. Mutoto asipande jukwaani na kitendawili cha kukariri. Apewe kitu mkononi, lungo au mwiko, au kiatu cha baba, akitegee yeye mwenyewe bila kukitaja, na sisi wakubwa tukae chini tukisie. Tukikosa, atueleze tumekosa wapi.