Maji Yaliyoachwa Nje ya Mstari

Ubaoni Mbale, kama kwingineko Uganda, mwalimu wa kemia huandika hivi: CH₂=CH₂ + Br₂ → CH₂BrCH₂Br. Usome mstari huo polepole, kama ubeti. Kushoto, kati ya kaboni mbili, pana vistari viwili: ndiyo bondi maradufu, na ndiyo sababu ethini huitwa haijashiba. Kulia bondi moja kati ya hizo mbili imevunjika na kila kaboni imepata bromini yake. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

Lakini umbo hilo linatuambia kwamba bromini mbili zimeingia pamoja, na sivyo. Elektroni za bondi maradufu huifuata atomi moja ya bromini, ambayo hushikwa na kaboni zote mbili hata ikafanyika pembetatu yenye chaji chanya. Mwenzake huachwa, akiwa ioni hasi. Mbele pamezibwa, kwa hiyo anayekuja wa pili hana budi kupitia mgongoni. Pembetatu hiyo ilipendekezwa na Irving Roberts na George Kimball mwaka 1937. Ukitumia sikloheksini badala ya ethini, matokeo yanaonekana: bromini moja hukaa juu ya duara, nyingine chini. Mstari wa ubaoni hauna pa kuandika juu wala chini.

Michoro ya mishale iliyopinda, ya kidato cha tano na cha sita (S.5 na S.6), inapo, na mimi naipenda kwa hilo. Kila mshale huanza zilipo elektroni na kuishia zinakokwenda. Mwanafunzi akiuanzisha kwenye bromini badala ya bondi, amegeuza mtenda kuwa mtendwa. Sentensi nzima imeharibika.

Kinachoniuma zaidi ni maji. Chupa iliyo mezani imeandikwa “maji ya bromini”, na rangi yake ya machungwa hufifia ethini ikipita ndani yake. Mle ndani maji ni mengi mno kuliko ioni za bromidi, hivyo mara nyingi ndiyo yanayoufikia mgongo wa kaboni kwanza. Zao kubwa huwa CH₂BrCH₂OH. Mtoto ameona rangi ikipotea kweli, kisha ameandika zao la jaribio jingine, kwa sababu mstari aliofundishwa haukuyataja maji.

Jinja, ambako kiwanda cha Bidco husafisha mafuta ya mawese kutoka Kalangala, bondi maradufu hizohizo husomwa kwa tarakimu badala ya mishale. Thamani ya iodini ni gramu za iodini zinazopokelewa na gramu 100 za mafuta: mawese 50 hadi 55, alizeti ya kawaida 118 hadi 141. Mawese yana bondi maradufu chache zaidi, ndiyo maana asubuhi ya baridi chini ya Mlima Elgon huganda, na alizeti ikabaki inamiminika. Hata hapa umbo limemwacha mtu nje. Katika njia ya Wijs kinachotiwa ni iodini monokloridi: kaboni moja hupata iodini, jirani yake klorini, na hesabu yote huandikwa kwa jina la iodini.