Mbegha Hakwenda Kuoga

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala kuhusu kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae. Katikati nikaweka kuchepuka kidogo kwenda kuoga maji moto ya Amboni, yale yanayonuka kiberiti, kana kwamba yako bonde la pili tu. Jamani, Amboni iko kando ya Tanga! Nilipanda basi, na sikusema.

Juzi nimerudia Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, nikaona aibu. Mbegha naye hanyooshi njia, lakini kila anapochepuka kuna gharama. Anaondoka Ngulu kwa sababu ya ukigego. Kilindi anakimbia tena, baada ya mtoto wa mkuu wa pale kufa mawindoni akiwa naye. Ndipo anaingia Usambara, anagawa nyama ya nguruwe, na mwishowe anatawala Vuga.

Simwamini mwandishi kwa yote. Wasambaa wanautoa utawala haraka mno. Unahisi kabisa kalamu iko upande wa Wakilindi. Ila safari yenyewe naiamini. Mbegha hatoki majini akiwa mtu mpya, kama nilivyojiandika mimi. Anafika na mbwa wake, na msiba wa Kilindi bado uko mgongoni.