Subira ya Ncha

Tarehe 28 Julai 2024, ndani ya Grand Palais jijini Paris, Mohamed Elsayed wa Misri alimshinda Tibor Andrásfi wa Hungaria 8–7 na kutwaa medali ya shaba ya Olimpiki katika epe, aina mojawapo ya mchezo wa vitara. Alikuwa na umri wa miaka 21. Pambano la epe lina vipindi 3 vya dakika tatu tatu na humalizika mapema mmoja akifikisha pointi 15, kwa hiyo mgeni wa mchezo wa vitara anaweza kudhani siku ile walicheza kidogo. Mimi naona uchache huo ndio ufundi wenyewe.

Epe haina huruma. Mwili mzima ni shabaha, tangu kinyago hadi kidole cha mguu, na kuanza kushambulia hakukupi haki yoyote. Pointi ni ya aliyegusa kwanza. Wakichomana ndani ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, wote wawili wanahesabiwa. Ncha ya kitara yenyewe ina springi, na isipobanwa kwa uzito unaozidi gramu 750, taa ya kuonyesha mguso haiwaki. Ukinyoosha mkono kwa pupa, kifundo chako ndicho kitakachotangulia kuchomwa.

Ndiyo maana ukitaka kumjua fundi, mwangalie miguu. Magoti yamekunjwa, nyayo zinateleza mbele na nyuma kwa hatua fupi, na mpinzani anauzoea mdundo huo pole pole. Kisha hatua moja ya kurudi nyuma inafupishwa kidogo sana. Mpinzani anadhani bado yuko mbali na hatari, kumbe nafasi imeshaibwa. Mkono unanyooka, mguu unafuata, taa inawaka. Kujizuia hivyo dakika baada ya dakika, medali ikiwa mbele ya macho, ni jambo zito kwa mtu yeyote, sembuse kijana wa miaka 21. Kwangu hilo linastahili sifa kuliko kasi yake.

Siku moja kabla, ukumbini humo humo, Alexandra Ndolo, mzaliwa wa Ujerumani ambaye baba yake ni Mkenya, alikuwa mchezaji wa kwanza wa vitara kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki. Olena Kryvytska wa Ukraine alimtoa kwa 13–12. Pengo ni pointi moja, kama ile iliyompa Elsayed shaba, na sioni ufundi wa Ndolo ukipungua kwa hilo hata chembe.