Bonasi Inapokuja na Mvua

Ukarabati wa nyumba vijijini Kisii na Nyamira mara nyingi husubiri pesa za chai, na hapo ndipo mpangilio wa kazi unapovurugika. Viwanda vya chai vya KTDA, kama Kebirigo, Nyansiongo na Kiamokama, hufunga mwaka wa fedha mwezi Juni, na bonasi kwa kawaida humfikia mkulima karibu na Oktoba. Wakati huo vuli imeshika. Novemba na Desemba kuna sherehe za jando, na jamaa wanarudi kutoka Nairobi. Mwenye nyumba basi huanza na kile watakachokiona wageni: plasta ya sebuleni na rangi.

Huko ni kuanzia mwisho.

Chukua nyumba ya udongo yenye paa la mabati, iliyochimbiwa kiwanja mlimani. Mvua ya milimita 30 ikipiga paa la mita za mraba 80, hizo ni lita 2,400, na pasipo gata zinamwagika zote miguuni pa ukuta. Nyuma ya nyumba, ukingo uliochimbwa hupokea maji ya shamba lote la juu na kuyaelekeza kwenye msingi. Kwa mvua inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, ukuta kama huo haupati nafasi ya kukauka. Udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Plasta ya saruji haiwezi kuufuata, hivyo hupasuka na kubanduka vipande vipande. Fundi hulaumiwa kwa kubana saruji, na anayemrithi huiongeza, jambo linalofanya plasta iwe ngumu zaidi na iachane na udongo upesi zaidi. Dawa ilikuwa gata na mtaro.

Kwa hiyo pesa ya Oktoba ina kazi nyingine. Mtaro wa juu ya ukingo ni kazi ya jembe, na mvua yenyewe inakuonyesha maji yanakopita. Mbao za mkaratusi zinunuliwe sasa, zipangwe kivulini hewa ikipita kati yake, maana zikipigiliwa mbichi hupinda na kuyavuta mabati. Januari na Februari mvua hupungua, ingawa haikomi. Hapo ndipo paa hufunguliwa, na ndipo mchanga unapaswa kuletwa, kwa sababu ikifika Aprili lori halipandi barabara ya udongo mwekundu.

Kabla ya paa jipya, chimbua kidogo chini ya nguzo. Mchwa hula nguzo pale inapoingia ardhini, na kuweka mabati mapya juu ya nguzo iliyoliwa ni kutupa bonasi ya mwaka mzima. Nguzo zikibadilishwa, paa na gata hufuata, kisha ukuta huachwa ukauke.

Umeme ndio watu huuahirisha, kwa kuwa hawajui wataunganishwa lini. Lakini mabomba matupu ya nyaya, yakizikwa ukutani kabla ya plasta, ni nafuu kuliko kuibomoa baadaye. Na kwa radi za huku, waya wa kwenda ardhini si wa kukumbukwa mwishoni. Kazi hii ya umeme ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Ndipo plasta inapokuja: wavu wa waya upigiliwe ukutani kwanza, kisha tabaka jembamba linalonyunyiziwa maji kwa wiki moja. Dari hutangulia sakafu, la sivyo nyundo na mbao zitaangukia saruji mpya. Rangi isubiri kama wiki nne baada ya plasta.

Na wageni wa Desemba? Wapakie kuta chokaa. Ni rahisi, inang'aa, na inauacha udongo upumue. Kabla ya kupiga plasta, chokaa hiyo ikwanguliwe pamoja na udongo uliolegea, na wavu upigiliwe.