Roma Ilipotekwa: Maneno Machache juu ya Kitabu cha Augustino

Mwezi wa Agosti mwaka 410, Wagothi, wakiongozwa na Alaric, waliingia mji wa Roma wakauteka nyara kwa siku tatu. Kwa muda wa miaka ipatayo 800 mji huo haukuwa umetekwa na adui wa kutoka nje. Watu walioshika miungu ya kale wakanena kwamba msiba huu umekuja kwa sababu dola imeifuata dini ya Kristo. Na Wakristo wengi nao walifadhaika, maana walikuwa wamezoea kudhani kwamba dola ikiisha kuwa ya Kikristo haiwezi kuanguka.

Wakimbizi walivuka bahari wakaja Afrika ya Kaskazini. Huko Hippo, katika nchi iitwayo leo Algeria, alikuwako askofu Augustino, mzaliwa wa bara letu hili. Mwaka 413 alianza kuandika kitabu chake, Mji wa Mungu, wala hakukimaliza hata mwaka 426. Sehemu zake ni 22.

Neno kubwa la kitabu hiki ni rahisi kulisema, bali ni zito kulichukua. Mungu ndiye atawalaye mambo ya dunia, na falme hazisimami wala haziangushwi kwa bahati au kwa nyota. Lakini sisi hatukupewa daftari yake tuisome. Amani na vita huwapata wema na wabaya pamoja. Kwa hiyo ushindi si ushuhuda kwamba mtu apendwa na Mungu, wala msiba si ushuhuda kwamba amechukiwa.

Thamani ya neno hili twaiona vema tukilinganisha kitabu hiki na kile cha Orosius, padre kijana aliyetoka Hispania, ambaye Augustino mwenyewe alimwagiza aandike. Orosius alitunga vitabu 7 vya historia ili kuonyesha kwamba misiba ya zamani ilikuwa mikubwa kuliko ya siku zake. Alifika hata kuyapanga mapigo kumi ya Misri sawasawa na mateso kumi ya Kanisa. Kitabu chake chasomeka upesi, nacho chafariji upesi. Lakini faraja iliyojengwa juu ya kuhesabu misiba huanguka siku msiba mkubwa zaidi ujapo. Augustino aliikataa hesabu hiyo ya kumi kwa kumi, akisema ni kisio la wanadamu tu. Mwaka 429 Wavandali walivuka wakaingia Afrika. Mwaka 430 waliuzunguka mji wa Hippo, na Augustino akafa wakiwa bado nje ya kuta. Jambo hili halikulitangua neno lake hata moja, kwa kuwa hakuahidi kwamba mji wake utaokoka.

Hata hivyo kitabu kina ila zake. Ni kirefu mno, na mara nyingi huiacha njia. Ila iliyo kubwa ni hii: katika sehemu ya 19 asema kwamba utumwa ni adhabu ya dhambi, iliyoruhusiwa na Mungu. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuwezi kulipita neno hilo kimya. Mtu akisema upesi kwamba Mungu ameruhusu, mwenye mnyororo hufurahi.

Lakini mwaka 1981 zilichapwa barua za Augustino zilizokuwa zimepotea. Katika mojawapo, aliyoiandika uzeeni, alalamika juu ya wafanya biashara waliowateka watu wa Afrika na kuwavusha bahari, naye aeleza jinsi waumini wa Hippo walivyowafungua watu wapatao 120. Hawakungoja kujua shauri la Mungu juu ya watu hao ndipo wawafungue. Hapa matendo ya kanisa lake yalikisahihisha kitabu chake.

Basi, wasomaji wapenzi, zijapo siku za njaa, vita au maradhi, hawakosekani kijijini watu wa kutuambia mara moja ni dhambi ya nani iliyoyaleta. Watu hao hawamwamini Mungu kuliko wengine. Wamejifanya makarani wake, naye hakuwaajiri. Amwaminiye kweli huiacha daftari mkononi mwa Mwenyewe, akaenda kumfungua jirani yake.