Wanza Aliulizwa Nini?

Kila chanjo mpya ikitangazwa, kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kakamega hakosekani mtu wa kuandika: "Tazameni The Constant Gardener kwanza, halafu tuongee." Hakuna anayemuuliza kwa nini. Filamu ya mwaka 2005, iliyotokana na riwaya ya Mwingereza John le Carré, siku hizi inatajwa kama ushahidi, vile mtu anavyotaja habari aliyoisoma gazetini. Nimeitazama tena mara mbili mwezi huu. Ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Na bado naona imetufundisha kutafuta ubaya mahali ambapo mara nyingi haupo, huku tukipita kando ya mahali ulipo.

Kwa ambao hawajaiona: Tessa, mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza jijini Nairobi, anagundua kwamba kampuni inajaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa kwa wagonjwa maskini, ambao hawana nafasi ya kweli ya kukataa. Wanaokufa wanafutwa kwenye rekodi. Tessa anauawa kule Turkana, na mumewe Justin, mtu wa maua na adabu, anaanza kufuata nyayo zake.

Mwongozaji Fernando Meirelles ni Mbrazili, na inaonekana. Kamera yake inapoingia Kibera haitembei kama mtalii. Kuna sehemu moja ambayo sijaweza kuitoa kichwani. Tessa anatoka hospitali na kumwona kijana akitembea na mtoto mchanga, safari ndefu ya miguu, na anaomba wampe lifti. Justin anakataa: wenye shida ni mamilioni, huwezi kuwabeba wote. Tessa anamwambia hawa ndio tunaoweza kuwabeba. Baadaye sana, kule Sudan, Justin ndiye anayemsihi rubani ampandishe mtoto mmoja kwenye ndege, na rubani ndiye anayempa jibu lake la zamani. Hapo hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Rachel Weisz alipata Oscar kwa kuigiza Tessa na sina ubishi.

Sasa Wanza. Wanza Kilulu ndiye mgonjwa ambaye kifo chake kinaanzisha kila kitu. Amelala kitandani, amekonda, Tessa ananyonyesha mtoto wake. Karibu hasemi neno. Tunajua jina lake, tunajua alipewa dawa, tunajua mwili wake ulipotea. Hatujui aliambiwa nini siku ya kwanza, na nani, kwa lugha gani. Hatujui kama alikubali, na kama alikubali, alidhani anakubali nini. Filamu ya saa mbili kuhusu majaribio ya dawa kwa Waafrika haina dakika moja ya Mwafrika akiulizwa na kujibu. Wazungu wawili wanapendana, wanakufa, na sisi ni mandhari yenye kikohozi.

Utasema ni filamu ya kusisimua, iache. Ningeiacha, lakini watu wanaitumia kuamua kama mtoto apelekwe kliniki.

Wengi wameihusisha hadithi hii na Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo ililipuka kule, na kampuni ya Pfizer ikajaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto. Waliingizwa watoto 200. Nusu walipewa Trovan, nusu dawa iliyokuwa tayari inajulikana. Walikufa 11: watano upande wa Trovan, sita upande wa pili. Soma tena hizo nambari. Ukizitafutia muuaji kwa mtindo wa sinema, zitakuangusha. Kilichopiganiwa kortini kwa miaka ni kwamba wazazi walisema hawakuelezwa kuwa hili ni jaribio. Kampuni ikasema walielezwa. Mwaka 2009 Pfizer ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Ugomvi wote ulikuwa juu ya maongezi ya dakika chache kati ya mtu mwenye karatasi na mzazi mwenye hofu, na hayo ndiyo maongezi ambayo filamu haikuyapiga picha.

Huku kwetu hayo maongezi tunayajua vizuri. Magharibi mwa Kenya tumeulizwa maswali hadi mbwa wanawazoea watafiti. Kati ya 2012 na 2014, mradi wa WASH Benefits uliandikisha wanawake wajawazito 8,246 katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga. Wengine waliwekewa klorini ya maji, wengine vyoo bora, wengine vituo vya kunawia mikono, wengine kirutubisho cha watoto, wengine vyote pamoja, na wengine hawakupewa lolote kati ya hayo, ili walinganishwe. Matokeo yalichapishwa 2018 katika The Lancet Global Health: kuhara hakukupungua kwa watoto, popote. Kirutubisho kiliongeza urefu kidogo tu. Mradi pacha wa Bangladesh ulipunguza kuhara. Wa kwetu haukupunguza.

Mimi naona hapo kuna riwaya nzima, na hakuna jambazi ndani yake. Kuna msaidizi wa utafiti, labda kijana wa Butere mwenye diploma, anashuka kwenye boda na begi lake, anauliza mama kwa heshima mtoto amehara mara ngapi juzi. Miaka inapita, anarudi. Wanajuana. Mwishowe jibu ni kwamba choo kizuri peke yake hakikutosha. Nani anaiandika hiyo?

Niliacha chuo, na kwa muda nilikula kwa kuandika mahojiano ya watafiti kutoka kwenye rekodi za sauti, hela kidogo kwa kila saa. Ndipo nilipojua lugha ya fomu. Kupangwa kwenye kundi hili au lile bila mtu kuchagua huandikwa "kwa bahati nasibu". Sasa mwambie mtu hapa bahati nasibu: anawaza redio, namba ya simu, zawadi. Mama mmoja kwenye rekodi aliuliza, sauti ya upole kabisa, "Na sisi tulishinda?" Kimya kidogo, kisha mhoji akaendelea na swali linalofuata. Nilirudisha hapo mara nyingi kuliko ile sehemu ya ndege ya Sudan.

Mfano mgumu zaidi ni chanjo ya malaria, RTS,S. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, uzinduzi ukiwa Homa Bay, kwa majaribio katika kaunti nane, Kakamega ikiwemo. Maeneo mengine yalipewa, mengine yakasubiri kwa ajili ya kulinganisha. Machi 2023 ndipo ilipoanza kufikishwa kwa waliosubiri. Februari 2020, katika jarida la BMJ, Peter Doshi aliandika kwamba wazazi hawakuombwa ridhaa kama wanavyoombwa washiriki wa utafiti, ilhali majaribio ya awali yalikuwa yameacha maswali ya usalama. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba chanjo ilikuwa imeidhinishwa na inatolewa kupitia kliniki za kawaida: wazazi wanapewa habari, na anayemleta mtoto amekubali.

Kisha matokeo yakaja, na ni mazuri. Hatari zilizohofiwa hazikuonekana, na vifo vya watoto waliostahili kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Chanjo inaokoa watoto. Ningekuwa na mtoto ningempeleka, mapema asubuhi, kabla foleni haijafika getini.

Lakini lile swali halikufa kwa sababu dawa ilifanya kazi. Kufika kliniki ni kukubali? Mama anafika kwa sababu ana kitabu cha kliniki kinachosema tarehe, nesi anamjua, na kurudi nyumbani bila sindano ni kutafuta maneno. Hapo hakuna mtu mbaya hata mmoja, na ndiyo maana macho yaliyozoea The Constant Gardener hayaoni kitu. Yanatafuta maiti kwenye gari usiku. Yasipoiona, yanasema basi kila kitu sawa. Au yanaibuni, na chanjo nzuri inakataliwa.

Hadithi za zamani za mumiani, wale wanyonya damu ambao mwanahistoria Luise White aliwaandikia kitabu kizima mwaka 2000, angalau zilimsikiliza mwenyeji akitoa hesabu yake: wamechukua hiki kwangu, wao wamepata nini? Zilikosea kuhusu meno. Kuhusu hesabu, sina uhakika kama zilikosea sana. Meirelles alichukua damu ya hadithi hizo na kuacha swali lake.

Ningelipa tiketi kuona tukio moja ambalo halimo. Kibera, kabla Tessa hajatokea. Jina Kilulu linaonyesha kwao ni Ukambani, kwa hiyo aliyekuja na fomu alichagua: Kiswahili, Kikamba, au Kiingereza cha haraka haraka. Wanza amekaa kitandani, anakohoa, anasikiliza. Anauliza kitu.