Mfu Ndani ya Ufufuo

Katika mazishi ya Kikristo huko Kilole, kata ya mji wa Korogwe, kama ilivyo kwingi bara na visiwani, wimbo ndio unaobaki masikioni mwa wafiwa baada ya sala kwisha. Na wimbo huo aghalabu una neno moja kuu: mauti yameshindwa. Kwa mpenzi wa ushairi, awe Mkristo au Mwislamu, swali hapa si la itikadi. Hilo lina wanachuoni wake. Swali ni kama lugha ya wimbo inaweza kuubeba uzito wa imani hiyo mbele ya kaburi lililo wazi.

Kilole na Unguja si wageni wao kwa wao katika jambo hili. Wamisionari wa UMCA walioweka makao Unguja mwaka 1864 walivuka hadi Magila, Ubondei, na baadaye Korogwe. Walikwenda na Kiswahili cha Unguja, alichokichunguza Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882 na kuzikwa katika kanisa la Mkunazini. Kiswahili hicho kilikuwa kimekwisha kulelewa na Uislamu. Ndiyo maana Mkristo wa Kilole husema mauti, roho, kiyama na peponi, na jirani yake Mwislamu aliyekuja kumzika mwenziwe huyaelewa bila kufasiriwa, ingawa hakubaliani na yote yasemwayo.

Urithi huo una masharti yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, hakuridhika kutaja mauti kwa jina. Aliyaonyesha katika majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Msomaji aliyelelewa na utenzi huo hatosheki na mtungaji anayetangaza ushindi bila kuonyesha kilichoshindwa.

Kiswahili chenyewe kinadai hivyo. Ndani ya neno “kufufuka” sikio husikia “mfu”. Hakuna njia ya kuutaja ufufuo bila kumpitia maiti. Viambishi navyo vina hoja. Kristo “amefufuka”, lakini marehemu wa Kilole “atafufuliwa”: wakati ni ujao, na mtenda ni Mungu. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anayataja mauti kuwa adui wa mwisho atakayebatilishwa, yaani kazi bado inangojewa. Mtungaji anayelitia kila tendo katika “-me-” humnyima mfiwa nafasi ya kungoja, na kumfanya aone haya kwa machozi yake. Ilhali katika Injili ya Yohana, Yesu analia akielekea kwenye kaburi la Lazaro, kabla ya kumwita atoke.

Kasoro hii inatokana kwa sehemu na umbo. Wimbo wa kwaya husimama juu ya kiitikio, na kiitikio hurudia mwisho wa habari hata kabla habari haijasimuliwa. Utenzi hauna njia hiyo ya mkato. Mathias Mnyampala, Mkristo wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, alipoitia Injili katika utenzi alichukua bahari iliyozoea kisa kirefu, ambamo Ijumaa ya msalaba haina budi kutangulia Jumapili ya kaburi tupu. Beti hutembea, na msikilizaji hutembea nazo.

Haifuati kwamba kwaya ziache viitikio vyao; vina kazi ya kuwakusanya watu waliotawanywa na msiba. Linalotakiwa ni beti zenye subira baina ya viitikio: zimtaje marehemu kwa kazi ya mikono yake, ziutaje udongo na nyumba iliyopungukiwa, kisha zimwachie Mungu kitenzi kilicho chake. Hapo hata asiyeiamini Pasaka ataondoka makaburini akijua ni tumaini gani jirani yake amelishika, na limemgharimu nini.